Kuswali Nikiwa Nimefungwa Mguu

Mguu wangu wa kulia ulivunjikia barabara ya Kinole, msimu wa machungwa, mwaka wa pili baada ya kiwanda tulichokuwa tukifanyia kazi kuuzwa. Kiwandani nilikuwa fundi mitambo kwa miaka kumi na mmoja. Mwenye mali mpya alipokuja alibakiza wachache, sisi wengine tukaambiwa ahsanteni, na kila mtu akatafuta pa kushika. Mimi nilianza kupanda milimani kununua machungwa na mananasi kwa wakulima, nikayashusha sokoni mjini kwa gari la kukodi.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Kwenye kona moja ya mteremko gari liliserereka, likalalia ubavu. Dereva alitoka mzima, anajipangusa matope tu. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mzigo. Nilirushwa nikaangukia mawe ya mtaroni, na nilipojaribu kusimama nikaona mguu unaelekea upande ambao sikuutuma.

"Ni mfupa wa paja," daktari aliniambia hospitalini. "Huu hatuufungi plasta sasa hivi. Kwanza tunauvuta."

Walitoboa mfupa chini kidogo ya goti, wakapitisha chuma, wakafunga kamba. Kamba ikapita juu ya kapi mwishoni mwa kitanda na kuning'iniza mfuko wa mchanga. Kwa kuwa ni fundi nilielewa mara moja, hata nikamweleza daktari kwamba kapi lao linahitaji mafuta. Alicheka. Nikamuuliza nitakaa hivyo kwa muda gani.

"Wiki sita. Pengine nane. Na ni chali, bwana. Hakuna kugeuka."

Maumivu nilikuwa nimeyatarajia. Sikutarajia lile lingine. Mtu aliyelala chali wiki sita anajisaidia palepale alipolala. Mchana kulikuwa na chupa ya mkojo ikining'inia kwenye fito ya kitanda, na asubuhi kulikuwa na bedpani, ambayo wauguzi wawili waliisukuma chini yangu huku wakizungumza habari za foleni ya maji ya bomba. Hawakuona ajabu. Lakini mimi ni mtu mzima, nina mke na watoto wanne, na tangu utotoni sijawahi kusafishwa na mtu. Maji ya wodini yalitoka kwa saa chache tu, kwa hiyo kusafishwa kwenyewe kulikuwa kwa kitambaa chenye unyevu. Shuka nililotandikiwa, la mtumba, ambalo mke wangu alikuwa amelileta kutoka nyumbani, lilipata doa siku ya pili.

Marehemu baba alitufundisha kwamba sala inaanzia kwenye twahara. Hata kiwandani nilikuwa na kona yangu stoo, gunia safi na kopo la maji, na mabosi walijua kwamba saa saba mchana sitafutwi. Hapo hospitalini siku ya kwanza sikuswali kwa sababu ya maumivu, na siku ya pili kwa sababu ya dawa za usingizi. Siku ya tatu kichwa kilikuwa kimetulia, adhana ikasikika vizuri kabisa kutoka upande wa sokoni, nikageuza uso ukutani. Nilijiambia: na uchafu huu, unamwendea nani?

Mke wangu alikuja mara mbili kwa siku, anatembea kutoka Bigwa na uji kwenye chupa ya chai. Kila mara aliniuliza, "Umeswali, baba fulani?" akitaja jina la mtoto wetu wa kwanza.

"Nimeswali," nilimjibu.

Hivyo nikawa na makosa mawili. Siswali, na nadanganya kwamba naswali. Nilipobaki peke yangu niliwaza kwamba mguu ukiingia kidonda kibaya nikafa, nitakufa katika hali hii. Sikumwambia mtu. Nilidhani haya si mambo ya kumwambia mtu hospitalini. Hospitalini unasema unaumwa wapi.

Kitanda cha kulia kwangu alilala mzee mmoja wa Ngerengere, mstaafu wa reli, mzaliwa wa Mahenge, Mkatoliki. Alikuwa ametolewa uvimbe tumboni, na kipande chake kimepelekwa Dar es Salaam kupimwa. Alikuwa anasubiri jibu. Alikuwa mfupi kiasi kwamba akikaa kitandani miguu haigusi sakafu, na hivyo ndivyo alivyosali rozari yake kila asubuhi, miguu ikibembea, midomo ikienda haraka. Akimaliza alinigeukia na kunisimulia habari za treni. Mimi nilimwamkia shikamoo kila siku, naye akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele kwenye stesheni.

Miaka ile watu walikuwa huru kuuza chochote, na walikuwa huru kuhubiri popote. Kanda za mawaidha ziliuzwa stendi pamoja na kanda za muziki, makanisa mapya yalifunguliwa kwenye maghala yaliyobaki tupu, na Jumamosi vikundi vya maombi viliingia wodini na magitaa. Sitaki kuwasema vibaya. Mgonjwa wa kitanda cha mlangoni aliwasubiri wiki nzima. Uso wake ulichangamka wakianza kuimba, na niliona kwa macho yangu kwamba siku hizo alikula chakula chote.

Jumamosi moja kikundi kilifika kwangu. Mwanaume mmoja aliyevaa tai aliweka kiganja juu ya paji la uso wangu bila kuniuliza neno.

"Ndugu yangu," alisema, "hukuanguka bure. Kuna jambo unamficha Mungu. Liseme leo."

Hakujua amegusa wapi. Machozi yalinitoka, siwezi hata kuyapangusa kwa kuwa mkono wake uko usoni. Yeye akaona machozi yale ndiyo jibu, akapandisha sauti. "Kubali! Kubali sasa, ndugu!" Wenzake wakaanza kuomba kwa pamoja. Nilitamani kuinuka niondoke, nikakumbuka kwamba nimefungwa kwenye mfuko wa mchanga.

Mzee wa Ngerengere alishuka kitandani kwake, kiganja kimekandamiza mshono wa tumbo, akaja polepole hadi akasimama katikati yetu.

"Samahani, mchungaji," alisema. "Huyu bwana ni Mwislamu. Na pia amefungwa mguu, hawezi kukuondokea. Mtu asiyeweza kuondoka anaombwa ruhusa kwanza."

Yule bwana aliondoa mkono kama aliyeungua. Aliniangalia, kisha akaangalia kamba na kapi, na nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kuviona. "Nisamehe, ndugu," alisema. "Sikukusudia." Wakaenda vitanda vingine, na huko walianza kwa kuuliza.

Mzee alivuta kiti akakaa karibu na kichwa changu. Alingoja nimalize kulia.

"Mwanangu, aliyekuliza si yule bwana," alisema. "Siku tisa niko pembeni yako. Waislamu niliofanya nao kazi relini walikuwa wanasimamisha toroli njiani, wanaswali, tunaendelea. Wewe sijakuona ukiinua hata mkono. Umegombana na Mungu?"

"Hapana, mzee. Nimechafuka."

Nikamweleza yote. Bedpani, shuka, kitambaa chenye unyevu, uongo ninaomwambia mke wangu. Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Labda kwa sababu hakuwa wa dini yangu na asingeweza kunihukumu kwayo. Alisikiliza huku akijikuna goti.

"Mimi sheria zenu sizijui," alisema mwishoni. "Lakini hili tumwambie Sista."

"Hapana, mzee, tafadhali. Sista ana kazi zake."

"Nitamwambia," alisema, akarudi kitandani kwake.

Sista alikuwa muuguzi mkuu wa wodi, mwanamke wa Kipare, Mlutheri, mwenye saa iliyobandikwa kifuani na miwani iliyofungwa uzi. Sisi wagonjwa tulimwogopa. Jumatatu asubuhi alikuja na pazia la magurudumu, akalizungushia kitanda changu, nikadhani anakuja kusafisha kidonda. Hakuwa na trei.

"Nimesikia huswali," alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Sista, hilo si la hospitali."

"Nani kakwambia si la hospitali? Naona shinikizo la damu linapanda kila jioni, nampa taarifa daktari, tunahangaika na dawa, kumbe mtu ana jambo moyoni amelikalia." Alivua miwani. "Kitanda hikihiki alilala mwalimu wa madrasa, zamani, na mguu umefungwa hivihivi. Alikuwa anaswali kwa macho. Nilidhani ana degedege, nikaita daktari."

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nianguke.

"Mimi siwezi kukufundisha dini yako," aliendelea. "Nikikufundisha nitakosea, na wewe hutaniamini. Shehe wenu wa Bigwa nyumba yake napita nikienda kazini. Nimwambie aje?"

Nilisita. Yule shehe alikuwa ananifahamu, alinifungisha ndoa. Angejua kwamba nimeacha sala. Lakini Sista alikuwa amesimama na miwani mkononi anasubiri jibu, na hakuonekana kuwa na haraka. Nikamwambia amwambie.

Shehe alikuja kesho yake saa ya kuona wagonjwa, na mke wangu akawa amefika naye, ameketi na chupa ya uji mapajani. Shehe alinipa pole, akaiangalia kamba, akaliangalia kapi, kisha akauliza moja kwa moja.

"Ni sala ngapi zimekupita?"

Mke wangu yuko hapo. Nilimwangalia, nikainamisha macho. "Zote, shehe. Tangu niingie."

Mke wangu akasema taratibu, "Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Hujaniomba maji hata siku moja." Akafungua chupa ya uji, akaifunga tena. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Shehe aliliacha hilo lipite. Akaanza kuniuliza maswali kama daktari. Naweza kuinua mikono yote miwili? Kichwa je? Kidonda cha chuma kinatoa maji? Maji yakikigusa, Sista anasemaje? Nani ananisafisha, na mara ngapi? Nilimjibu kila kitu, hata yale niliyoona aibu kuyasema mbele ya mke wangu.

"Sasa sikiliza," alisema. "Wewe hukuichagua hali hii. Dini haikuja kumtesa mgonjwa. Unajisafisha kadiri unavyoweza, mke wako akusaidie akiwepo. Maji yanapofaa unatumia maji. Pasipofaa, unatayamamu kwa udongo safi. Huwezi kusimama, huwezi kukaa, basi unaswali umelala. Unarukuu kwa kichwa. Kichwa kikishindwa, kwa macho. Macho yakishindwa, kwa moyo. Hizo zilizopita utazilipa polepole ukipona, hakuna anayekukimbiza."

"Na uchafu, shehe?"

"Ule ulioweza kuuondoa, umeuondoa. Ule usioweza, Mwenyezi Mungu anajua kwamba huwezi. Wewe ulidhani hajui?"

Nilihisi kitu kinaachia kifuani, kama bolti iliyokazwa kupita kiasi inapokubali spana.

Sista, aliyekuwa akijifanya kusoma kadi ya homa ya mzee, aliuliza, "Na aelekee wapi?"

Shehe aliangalia dirishani, ambako milima ya Uluguru ilikuwa imevaa mawingu. "Milima hii iko kusini," alisema. "Kibla ni upande wa pili, kaskazini. Mgonjwa wa kulala chali, miguu yake inaelekea kibla, na kichwa kinainuliwa kwa mto."

Kitanda changu kilikuwa kinyume kabisa. Kichwa kaskazini, miguu kusini. Shehe alianza kusema kwamba kama haiwezekani basi si lazima, lakini Sista alikuwa ameshaanza kupima nafasi kwa macho.

"Kina magurudumu," alisema. "Mama, shika mto. Shehe, shika fito hii. Mimi nabeba mfuko usicheze. Mzee, wewe usiguse kitu, una mshono."

"Nitaelekeza," mzee wa Ngerengere alisema, na kweli alielekeza, kwa sauti ya stesheni, kana kwamba tunashunta behewa kulihamishia reli nyingine. Waligeuza kitanda taratibu sana. Mguu uliuma mara moja tu, pale gurudumu liliponasa kwenye ufa wa sakafu. Walipomaliza nilikuwa nimeipa milima kisogo, natazamana na ukuta wenye rangi ya kijani iliyobabuka na mlango wa chumba cha dawa.

Asubuhi iliyofuata daktari alisimama mbele yangu akashangaa. "Nani amegeuza kitanda hiki?"

"Mimi," Sista alisema.

"Kwa nini?"

"Mgonjwa anaswali."

Daktari aliinama, akaangalia kamba, akausukuma mfuko kwa kidole kuona kama unaning'inia huru. "Haya," alisema, akaandika kitu kwenye faili, akaenda kitanda kingine.

Kesho yake Sista aliniletea bakuli la bati lenye mfuniko. Ndani kulikuwa na udongo mwekundu, laini kama unga. Alikuwa ameuchota nyuma ya nyumba yake mahali pasipokanyagwa, akauchekecha, akauanika juani kutwa nzima. "Usiusogeze karibu na chuma," alinionya. "Ukimaliza unafunika. Nikikuta vumbi kwenye kidonda nitakugeuza tena uangalie milima."

Adhuhuri niliyoswali siku ile siisahau. Mke wangu alikuwa amenisafisha asubuhi, akabadilisha shuka. Sista alizungusha pazia. Nilipiga viganja kwenye udongo, nikapaka uso, nikapaka mikono. Harufu yake ilikuwa ya shamba lililopata mvua ya kwanza. Nikainua mikono nikasoma. Sauti yangu mwenyewe ilinishtua, maana ilikuwa siku nyingi sijaisikia ikisoma. Nilipofika kwenye kusujudu, nikafumba macho na kuinamisha kidevu, basi, hiyo ndiyo sijida yangu. Nilitegemea nitajiona kama ninayeigiza. Haikuwa hivyo. Nilipotoa salamu kulia, nikauona ukuta. Kushoto, kwenye mwanya wa pazia, nikaziona nyayo za mzee zikibembea. Alikuwa ameacha kusimulia mambo yake ya treni, amenyamaza kuningoja.

Jioni Sista alinipima shinikizo la damu. Lilikuwa limeshuka. Aliandika tu, akapiga kalamu mara mbili kwenye kadi na kuondoka.

Wiki zilizobaki zilienda vizuri kuliko nilivyotarajia. Mguu uliuma, chakula kilikuwa kilekile, bedpani ilikuwa ileile, lakini aibu ilikuwa imeondoka. Niligundua pia kwamba mzee mwenyewe alikuwa na hofu yake. Jibu la Dar es Salaam lilichelewa. Kadiri lilivyochelewa rozari yake ilirefuka, hadi siku moja akaniambia kwamba padri akija Jumapili anataka kumpaka mafuta ya wagonjwa, naye anakataa.

"Kwa nini unakataa, mzee?"

"Kwetu ukiona padri anampaka mtu mafuta, ujue jeneza linatafutwa."

"Umemuuliza padri?"

"Sasa unanirudishia ushauri wangu mwenyewe," alisema.

Lakini alimuuliza. Nilikuwa nasikia, siwezi kwenda popote. Padri alimwambia kwamba mafuta yale ni ya mgonjwa yeyote, ya kumpa nguvu, na kwamba wapo aliowapaka mara tatu na bado wanalima. Mzee akaomba apakwe hapohapo. Baada ya hapo alilala usingizi wa mchana, mdomo wazi, mpaka uji wa saa kumi ukapoa.

Jibu lilifika siku ya Alhamisi. Daktari alilisoma akiwa amesimama, akamwambia uvimbe ule haukuwa wa kutisha, umeshatoka wote, aende nyumbani. Mzee alimwomba arudie. Daktari akarudia. Mzee akageuka kwangu. "Umesikia?"

"Nimesikia, mzee. Alhamdulillahi."

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema. Alikaa akicheka na kupangusa macho kwa ncha ya shuka. Kesho yake binti yake alikuja kumchukua kwenda Ngerengere, naye aliniachia machungwa sita na chumvi kwenye karatasi.

Mimi nilifunguliwa kamba wiki ya nane. Walichomoa chuma, wakanifunga plasta kuanzia kiunoni hadi kwenye vidole vya mguu, na baadaye sana wakanipa magongo. Sista alinitembeza kwenye korido mara tatu, akinikemea nisiangalie chini. Bigwa kuna kilima kabla ya nyumba yetu, na nilikipanda kwa kusimama mara saba, mke wangu nyuma amebeba mkeka na vyombo.

Ijumaa ya kwanza niliyoweza kufika msikitini, shehe alikuwa ameniwekea kiti cha mbao safu ya mwisho, pembezoni. Nilikaa, nikalaza magongo chini, mguu nikaunyoosha mbele. Mtu aliyekuwa pembeni yangu alisogea kidogo kunipa nafasi.

"Umepona?" aliniuliza kwa kunong'ona.

"Napona," nilimjibu, na tukaanza.